Nyingine (Taja)

Swali la kumi na nne: kuta za nyumba ni za nini?
Makuti, udongo, mabati, saruji, mawe.
Nikabonyeza mawe, kwa kuwa ni mawe,
matumbawe ya babu wa babu yake, unene wa mkono mzima,
na kishikwambi kikaruka mbele chenyewe
kama mtoto aliyeahidiwa kashata.
Mawe yana alama nyingi. Huko Nairobi mawe ni ukwasi.
Hakikuuliza kama juu ya mawe mna dari.
Boriti zilianguka Ramadhani ya juzi, wakati wa daku,
na tangu hapo Bi Mwanaate hulala ukumbini
chini ya turubai la buluu lenye jina la shirika
lililowahi kuja kupima kitu kingine.

Pate ndivyo ilivyo. Tumbaku humea vyumbani
mwa watu waliokula kwa sahani za kaure,
na mwenye shamba hupalilia akizungukwa na zidaka.

"Ndoo hapa penye kivuli. U mwana wa nani?"
Wa Famau, wa Faza, nikasema.
Akamtaja bibi yangu, akataja ndui iliyomtoboa uso,
akataja na mahari yake, iliyobaki kulipwa na isiyolipwa,
yote hayo kabla sijafika swali la kumi na tano.

Maji ya kunywa mwayapata wapi?
Bomba. Kisima kilichofunikwa. Kisima wazi. Gari la maji.
(Gari la maji, Pate! Punda angecheka.)
"Mai ya jabia."
Jabia halimo. Nikateremka orodha hadi chini, Nyingine (taja),
nikaandika jabia, nalo neno likapigiwa mstari mwekundu
kama na mwalimu aliyenuna.
Nilitaka kutaja mvua ya mwaka mzima iliyolala gizani,
zamu ya kuteka,
na kwamba mwenye mgonjwa hutangulia bila kuomba.
Nafasi ilikuwa ya herufi ishirini.

Katika siku saba zilizopita,
kuna mtu wa nyumba hii aliyelala bila kula?

Akatazama fremu ya mlango. Mlango wenyewe uliuzwa Shela,
ni meza sasa, wageni hulia kamba juu yake.
"Ndaa ni neno la kumwambia mgeni?"
Akanyamaza. "Andika hapana."
Na papo hapo akamtuma mjukuu wake, Bwanaheri,
na bakuli lililofunikwa kawa, nyumba ya pili,
kwa Bi Shali mwenye ganzi ya miguu.
Jikoni majivu yalikuwa baridi. Sufuria moja, imefudikizwa.
Nikaandika hapana.

Swali la mwisho lilitoka mbali kabisa,
bila shaka kwa watu wenye lifti:
fikiria ngazi ya vipandio kumi,
juu kabisa ni maisha bora kupita yote.
Leo umesimama kipandio gani?

Akageuka kuitazama ngazi yake, ya mawe,
ipandayo orofani ambako sasa ni mbingu tu.
"Cha tatu kimevunjika. Cha nne hukaa paka.
Sisi twakaa tini." Kisha akanigeukia:
"Na wewe, mwana wa Faza, u wapi?"

Mimi.
Shilingi mia na hamsini kwa fomu, iliyokataliwa hailipwi,
pesa za Februari hazijaja na huu ni Mei,
nina diploma, nina mtoto anijuaye kwa sauti ya simu.
Nyumba mia mbili na kumi nimeuliza.
Nikatazama ngazi. Paka akajinyoosha.

"Weka inayokufaa," akasema, maana bila nambari fomu haifungi.

Bwanaheri akarudi na bakuli. Halikurudi tupu:
ndimu mbili, ndogo, za kijani.
"Moya yangu, moya yako."
Nikatafuta kwa mazoea pa kuziandika.

Nikaweka tano. Mtandao haukuwapo;
fomu ilizunguka mkononi, ikazunguka,
njia nzima hadi Mtangawanda,
na mfukoni ndimu ikinigonga paja kila hatua.